Wazee wetu wapunguziwe mzigo wa dawa

Ni mazoea yetu katika nchi hii kumpima daktari kwa wingi wa dawa anazotoa. Mgonjwa akirudi nyumbani na bahasha nne, husema kwamba ametibiwa. Akirudi mikono mitupu, husema kwamba amedharauliwa. Fikira hii ina madhara kwa kila mtu, lakini wanaoumia zaidi ni wazee. Naona yafaa tuijadili waziwazi, hasa sisi tulio katika shughuli za elimu, kwa kuwa mara nyingi ni mwalimu au mwanafunzi anayemsomea babu au nyanya maandishi yaliyo juu ya bahasha hizo.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu takriban milioni 2.7 waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi. Umri huo ndio ambao maradhi huja kwa makundi: shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya viungo, vidonda vya tumbo na kukosa usingizi. Kila ugonjwa una kliniki yake na siku yake, na kila kliniki ina dawa zake. Kumbukumbu ya matibabu nayo mara nyingi ni daftari la shule lililonunuliwa dukani, ambalo likijaa au likipotea, historia yote ya mgonjwa hutoweka nalo. Tabibu wa leo hajui alichoandika tabibu wa jana, na dawa iliyokusudiwa kutumiwa kwa majuma mawili huendelea kumezwa kwa miaka miwili. Haba na haba hujaza kibaba.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu ambaye alinionyesha kikapu kilichokuwa na dawa za aina 11. Mbili kati ya hizo zilikuwa dawa ile ile, moja ikiwa na jina la kiwanda na nyingine jina la kitaalamu, naye alikuwa akizimeza zote mbili. Nilipomuuliza ni nani aliyemwagiza azitumie zote kwa pamoja, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, kila mmoja aliniongezea yake. Hakuna aliyewahi kuniambia niache."

Maneno ya mzee huyo yanaeleza kasoro iliyopo kuliko ripoti yoyote. Tunao watu wengi wenye ruhusa ya kuanzisha dawa, lakini hatujampa mtu yeyote wajibu wa kuisimamisha.

Yafaa ifahamike kwamba mwili wa mzee si mwili wa kijana uliokunjamana ngozi tu. Figo zake huchuja polepole zaidi, ini hupunguza kasi ya kuvunjavunja dawa, maji mwilini hupungua na mafuta huongezeka. Kwa sababu hiyo, dawa kama dayazepamu, inayotolewa ili kuleta usingizi, hukaa katika mwili wa mzee muda mrefu kuliko katika mwili wa kijana. Mzee huamka nayo kichwani, akapepesuka akienda msalani, akaanguka na kuvunjika nyonga. Piriton nayo, ambayo hununuliwa kama peremende kila mafua yanapoingia, huweza kumfanya mzee achanganyikiwe, afunge choo na ashindwe kupitisha mkojo. Watu wa nyumbani husema kwamba ni uzee tu, kumbe uzee umesingiziwa. Hata glibenklamidi, dawa ya kisukari iliyotumika kwa miaka mingi, Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba haiwafai waliopita umri wa miaka 60, kwani huweza kuishusha sukari ya mwilini kupita kiasi.

Balaa kubwa zaidi ni pale dawa inapotibiwa kwa dawa nyingine. Mzee hupewa amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu, naye akavimba miguu, jambo ambalo dawa hiyo hujulikana kulileta. Badala ya kuangaliwa upya kipimo chake, huongezewa furosemidi ili akojoe maji. Sasa huamka mara kwa mara usiku, akashikwa na kizunguzungu, kisha akaongezewa dawa ya kizunguzungu. Hapo zipo dawa tatu, na mbili kati yake zinatibu madhara ya zile zilizotangulia. Vivyo hivyo, diklofenaki anayojinunulia mzee kwa ajili ya magoti huweza kupandisha shinikizo la damu na kuzidhuru figo. Tabibu asiyejua habari hiyo huongeza dawa ya shinikizo, wala haulizi habari za magoti.

Wenzetu ng'ambo walianza kulishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1991 Dkt. Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo, na orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2023. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na matumizi ya dawa nyingi kwa pamoja yakawekwa miongoni mwa mambo matatu ya kutangulizwa. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Australia na Marekani kwa wazee zaidi ya 19,000 wasiokuwa na ugonjwa wa moyo. Ilibainika kwamba kumeza aspirini kila siku hakukuwaongezea miaka ya kuishi na siha yao, bali kulizidisha hatari ya kutokwa na damu kwa wingi. Aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo, kwake yeye aspirini yaweza kuwa na manufaa makubwa. Kwa hiyo swali si kama dawa ni nzuri au mbaya, bali inamfaa nani, na hadi lini.

Huenda msomaji akauliza: je, tuzungumze habari za dawa kuzidi ilhali wako wazee wasioweza kununua hata kidonge kimoja cha shinikizo? Swali hilo ni la haki. Lakini mzee mwenye shilingi mia tano akizitumia kununua dawa tatu zisizomsaidia, ile moja ambayo ingemwokoa ataikosa. Kuziondoa zisizofaa ni njia mojawapo ya kumwezesha azipate zinazofaa.

Kwa vile huduma za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013, ningependa kila kaunti iagize kwamba mzee anayetumia dawa tano au zaidi atengewe siku moja kila mwaka ya kukaguliwa dawa zake zote. Kila moja iulizwe maswali manne: inatibu nini? Je, ugonjwa huo ungalipo? Faida yake inazidi madhara? Ni lini itakoma? Wauzaji wa maduka ya dawa nao wamuulize mzee anatumia nini kabla ya kumwongezea nyingine. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali, na sioni utunzaji ulio rahisi kuliko huu.

Kuna kazi pia kwa shule zetu. Mwalimu wa sayansi aweza kuwaagiza wanafunzi waandike, kwa ruhusa ya wazee wao, jina la kila dawa iliyo nyumbani, kipimo chake, na sababu ya kutumiwa. Orodha hiyo ipelekwe kliniki pamoja na dawa zenyewe. Hata hivyo, natahadharisha: mtu yeyote asimwachishe mzee dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Dawa za kifafa, za moyo na hata za usingizi huweza kuleta hatari zikikatwa ghafula. Nyingine hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Kumwondolea mzee dawa isiyomfaa si kumnyima matibabu. Huko nako ni kumtibu. Daktari atakayetwaa kikapu cha mzee, akakimwaga mezani na kukirudisha kikiwa chepesi, atakuwa ametimiza kazi yake sawasawa na yule aliyeandika dawa mpya, nasi tujifunze kumshukuru.