Pepo au Kifafa? Biblia Yasemaje?



Katika vikundi vyetu vya maombi, toka Mpwapwa hadi Manyoni, swali hili halikosi: hao pepo tunaowasoma katika Injili ni viumbe kweli, au ni namna watu wa kale walivyoeleza magonjwa wasiyoyajua? Kwa wengine ni mjadala tu. Kwa mama mwenye mtoto anayeanguka kifafa si mjadala. Jibu atakalopewa laweza kuamua kama mtoto atapelekwa hospitali au atafungiwa ndani.

Tukumbuke yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu (Mathayo 17:14-20, Marko 9:14-29). Kijana alianguka motoni na majini, akatoka povu, akasaga meno, akakauka. Aliyewahi kumwona mgonjwa wa kifafa anaijua hali hiyo, na Biblia yetu ya Kiswahili katika Mathayo yatumia neno hilo hilo, kifafa. Hata hivyo Yesu alimkemea pepo, na kijana akapona.

Mwaka 1941 mwalimu wa Biblia wa Ujerumani, Rudolf Bultmann, aliandika kwamba mtu anayetumia taa ya umeme na redio hawezi tena kuamini habari za pepo kama watu wa Agano Jipya walivyoamini. Kwetu haikuwa hivyo. Mwaka 1972 Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku wa Kanisa Anglikana, alianza huduma ya uponyaji Dar es Salaam. Hadi alipofariki mwaka 1975, watu wengi walimwendea kuombewa na kutolewa pepo. Umeme umekuja, redio zimekuja, hata simu za mkononi, na mikutano ya namna hiyo ingali inajaa.

Je, tushike lipi? Mtume Paulo asema wazi kwamba tunashindana na majeshi ya pepo wabaya (Waefeso 6:12). Hatuna sababu ya kuyafanya maneno hayo kuwa hadithi. Lakini kusema pepo wapo si kusema kila ugonjwa ni pepo. Soma Mathayo 4:24: wenye pepo wametajwa peke yao, wenye kifafa peke yao, wenye kupooza peke yao. Soma Yohana 9:3: kipofu yule hakuzaliwa hivyo kwa dhambi yake wala ya wazazi wake. Basi anayemwambia mama kwamba kifafa chote ni pepo, au ni laana ya ukoo, amesema zaidi ya Biblia.

Waganga wa hospitali nao wametufundisha mengi. Kifafa chaweza kutokana na mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yaingiayo mwilini kwa uchafu. Kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, na watu waliokuwa wametengwa wakaanza kupata dawa. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa hadi 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dawa hizo mara nyingi hutolewa kwenye kliniki ya afya ya akili, na wazazi wengine huona haya, hasa wakisikia jina la Mirembe. Tusione haya. Kifafa si wazimu.

Jambo la kusikitisha ni hili: mtoto huangukia mafigani, na watu wazima wanasimama kando wakiogopa povu lake. Wanadhani litawaambukiza, au pepo atawarukia. Kifafa hakiambukizwi kwa povu. Mwondoe motoni upesi, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Akizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Na akianza dawa, usimwachishe kwa sababu tu ameombewa. Mganga ndiye wa kuamua.

Turudi kwa Bwana Yesu. Kabla ya kumponya kijana alimwuliza baba yake hali hiyo ilianza lini (Marko 9:21). Ndilo swali ambalo mganga wa zahanati hutuuliza. Kisha, watu walipodhani kijana amekufa, alimshika mkono akamwinua. Hakuogopa povu. Alisema pia namna ile haitoki ila kwa kuomba. Basi tuombe, tena bila kuchoka, tukiwa na kadi ya kliniki mkononi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto anayefichwa ndani kwa sababu ya kifafa? Nani atakwenda kumtembelea mama yake?

2. Mtoto akianguka kanisani, sisi tutafanya nini?