Kelele Haihesabiki

Wasee, kuna kitu inanikera na wacha niiseme leo. Nchi hii tunaamua mambo kwa kuangalia nani amepiga nduru zaidi.

Anzia bungeni. Hoja ikifika mwisho, Spika anauliza: wanaokubali waseme ndiyo, wanaopinga waseme la. Anasikiliza, anatangaza upande uliosikika, kazi imeisha. Wabunge wasiposimama kudai kura ihesabiwe, hutawahi kujua mheshimiwa wako alisema nini. Pengine alikuwa ametoka kunywa chai. Kipengele cha 122 cha Katiba kinasema uamuzi ni wa wengi waliopo na wanaopiga kura. Wengi. Hakijataja wenye mapafu makubwa.

Kama ni kuahirisha kikao, sawa, semeni ndiyo mwende nyumbani. Lakini ikigusa mfuko wangu nataka jina.

Si mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Tarehe 20 Juni kura zilihesabiwa: 204 waliunga mkono, 115 wakapinga. Tarehe 25 ikawa 195 kwa 106. Na majina yalikuwepo. Ndio maana orodha zilizunguka kwa simu zetu, ndio maana hata msee wa boda wa mtaa wenu angekuambia mbunge wake alisimama wapi. Siku hiyo vijana walipigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Sasa fikiria mswada huo ungepita kwa "ndiyoooo" moja ya pamoja. Kila mbunge angerudi nyumbani akiapa kwamba yeye alisema la, ila tu hatukumsikia.

Najua komenti inayokuja. "Lakini si nyinyi Gen Z ndio wa kelele?" Kuandamana ni haki, soma kipengele cha 37. Na aliye barabarani hapitishi sheria, anaomba tu asikizwe kwa sababu hana njia ingine. Mbunge ako na kura. Yeye kujificha kwa sauti za wenzake ni uoga, usifananishe.

Na si wanasiasa pekee. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kamukunji nilihudhuria za kutosha. Mtu anapanda juu ya meza, anaita makomredi, wa mbele wanaitikia, basi mgomo umepita! Sisi wa nyuma hata swali hatujasikia. Kuna moja ilitufungia chuo wiki kadhaa, na wenye nyumba hawakuacha kudai kodi eti kwa sababu makomredi wameamua. Nani aliamua? Ukiuliza unaitwa msaliti. Hakuna karatasi, hakuna hesabu, hakuna wa kuwajibika.

Wazazi wetu walionja kitu kama hiyo 1988, uchaguzi wa mlolongo. Ulipanga laini nyuma ya mgombea wako, na kuna mahali mwenye laini fupi ndiye alitangazwa mshindi. Ungelalamika aje? Watu wakishaenda nyumbani, laini haipo tena. Huwezi kuirudia kuihesabu. Kelele nayo ni hivyo hivyo, inaisha hewani.

Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi navyo vinaharibika. Oktoba 2024, kile cha Bomas kuhusu kumng'atua Rigathi Gachagua kiligeuka vurugu. Yule mama aliyeandika hoja zake kwa karatasi akakaa asubuhi nzima akingoja maiki, nani atamsikia katikati ya vijana waliolipwa kuzomea? (Na nyinyi mnaolipwa kuzomea, hiyo pesa inaisha kabla ya supper.) Ripoti ikiandikwa, itasema wananchi walishirikishwa.

Kura yako na yangu ni siri, na ibaki siri. Ya mbunge si yake binafsi, anapiga kwa niaba yetu. Kwa hivyo kila mswada wa kodi, wa mikopo, wa ardhi, uhesabiwe kwa majina, hata kama unaonekana utapita tu.

Agosti 2027 watakuja mitaani na magari ya spika. Atashika maiki aulize, "Mko na mimi ama hamko?" Kabla umati uitikie, muulize: tarehe 25 Juni 2024 ulipiga kura aje? Akianza hadithi ndefu, fungua Hansard kwa simu umsomee.