Shamba Liwe Mbali, Lakini Nyumba Iwe Karibu na Njia



Neno moja linasikika sana siku hizi mu mazungumzo ya wazazi wetu: "Tutoke mu mji, tuende kuikala pembeni." Wengine wanataja Kipushi, wengine njia ya Kasenga, wengine njia ya Likasi ao ya Kasumbalesa. Baba ataendelea na kazi yake hapa Lubumbashi, watoto wataendelea na masomo hapa, lakini usiku watu wote watalala ku mashamba. Mimi sipingi jambo hilo. Nataka kusema tu namna ya kuchagua, kwa sababu wengi wanachagua kwa macho, na nyuma yake anayeumia ni mama na mtoto.

Kwanza tuwape wazazi haki yao. Mu mji kodi ya nyumba inapanda, na lupango moja inagawanywa mara tatu, mara ine. Unga, mboga, makala, vyote ni vya kununua. Kule inje mama anaweza kulima mahindi, mihogo na lengalenga, na kufuga kuku. Tena tukumbuke mji wetu ulianza namna gani. Lubumbashi ilijengwa tangu 1910 juu ya shaba. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, kompani ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, masomo ya watoto, hata unga. Baba hakuumiza kichwa kutafuta pa kuikala, kompani ilikwisha kumchagulia. Nyakati zile zimepita. Mu miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha Gécamines mu mpango ulioitwa "départs volontaires". Leo kila baba anapashwa kuchagua yeye mwenyewe, na kuchagua ni kazi ngumu.

Tusome Mwanzo sura ya 13. Abramu alimwachia Loti achague wa kwanza. Loti akainua macho, akaona bonde la Yordani lina mayi mingi na majani mazuri, akalichukua lote. Hakuuliza majirani ni watu gani, hakuuliza kesho itakuwa namna gani. Tunajua mwisho wake. Na leo kuko Loti mingi: anapelekwa kuona lupango siku ya Mungu mangaribi, mwezi wa saba, njia ni kavu, upepo ni muzuri, bei ni ndogo, na mu juma lile lile anatoa mafranga.

Mimi ni kapita wa wanafunzi, na kazi yangu ya asubui ni kuandika majina ya wanaochelewa. Ndiyo sababu najua jambo hili vizuri. Wanaochelewa sana si wavivu wa kartiye ya karibu peke yao. Ni wale ambao nyumba yao ilihama. Wanafika viatu mkononi, miguu ina matope, na saa ya pili wanasinzia juu ya daftari. Napashwa kuwaandika, kwa kuwa sheria ni sheria. Lakini kila mara najiuliza kosa ni la nani.

Muuzaji wa lupango anasema: "Ni kilomita 15 tu." Ndugu zangu, mtu hapimi njia ya kila siku kwa kilomita, anaipima kwa saa. Tufanye hesabu ndogo. Nyumba iko kilomita 4 ndani, mbali na njia ya lami: kwa miguu ni karibu saa moja. Kungoja basi: nusu saa. Basi mpaka mu mji na kutembea mpaka ku masomo: saa moja ingine. Ni saa mbili na nusu kwenda, na saa mbili na nusu kurudi. Saa tano kila siku, kwa siku tano ni saa 25. Mtoto anapoteza mu njia siku nzima pamoja na usiku wake, kila juma. Atasoma saa ngapi? Atamsaidia mama saa ngapi? Na yule wa darasa la mwisho atajitayarisha namna gani kwa Examen d'Etat?

Kwa hiyo mahali pa mbali panaweza kuwa karibu, na pa karibu panaweza kuwa mbali. Kipushi ni karibu kilomita 30, lakini ni mji wa kweli. Mgodi wake ulianza mu miaka ya 1920, ukasimama 1993, ukafunguliwa tena 2024. Miaka yote ile watu waliendelea kuikala pale, na kuko masomo, makanisa na soko. Mtoto wa Kipushi anaweza kusoma Kipushi, na baba peke yake ndiye atakayepanda basi. Kijiji cha kilomita 12 ambacho hakina masomo ya sekondari kiko mbali kuliko Kipushi. Likasi nayo ni karibu kilomita 120: mtu asidanganywe kwamba atakwenda na kurudi kila siku, hata kama njia ni nzuri. Na ku njia ya Kasumbalesa kuko malori mingi yanayokwenda mpaka wa Zambia. Yule anayejenga pale aulize watoto wadogo watavuka wapi.

Kisha kuko mvua. Kwetu mvua inanyesha tangu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu ao wa ine, na masomo yanaendelea siku zile zote. Njia ambayo mwezi wa saba kinga inapita bila taabu, mwezi wa kwanza inakuwa mto. Mayi ya kisima nayo ni kinyume: mwezi wa tatu yamejaa, mwezi wa kumi mama anachota matope. Basi aende kuangalia njia wakati wa mvua, na aangalie kisima mwisho wa kiangazi. Na asione waya mikubwa ya umeme inapita juu ya kijiji akafurahi. Waya ile inapeleka umeme mbali, na chini yake kuko vijiji vinavyowasha mishumaa.

Neno la karatasi pia. Tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, udongo wote ni wa Serikali. Karatasi ya chef wa kijiji inaonyesha tu kwamba mlipatana, lakini haki inasimama ku certificat d'enregistrement. Tena haki ya udongo na haki ya madini ni vitu viwili. Mu Katanga yetu mtu anaweza kuwa na shamba juu, na mwingine akawa na kibali cha madini chini yake. Watu wa kadastre na watu wa madini waulizwe mbele ya kutoa mafranga. Kuuliza si ujinga.

Najua jibu la wazee wetu: "Siye tulitoka mbali kuliko ninyi, na tulisoma." Ni kweli, na tunawaheshimu. Lakini wazee wengi waliosoma ku misioni walilala pale pale ku misioni. Walitembea siku mbili ao tatu mwanzo wa muhula, na kisha kitanda kilikuwa karibu na darasa. Wao walitembea ili kufika ku masomo na kubaki. Mtoto wa leo anatembea kila siku ya Mungu, anarudi, na kesho anaanza upya.

Shauri langu ni hili. Ninyi wazazi mnatafuta vitu viwili, shamba na nyumba, na mnafikiri vinapashwa kuwa mahali pamoja. Hapana. Shamba liwe mbali, halina shida: mihindi haiogopi kuchelewa, na siku ya posho siye wote tutakwenda kulima na kurudi na mihogo juu ya kinga. Lakini nyumba iwe karibu na njia ya magari, karibu na masomo, hata kama lupango ni ndogo na bei ni kubwa kidogo. Na mbele ya kulipa, baba achukue mtoto wake mdogo kuliko wote, waende pamoja siku ya kazi, mwezi wa kwanza, watoke pale ku lupango saa kumi na moja ya asubui, kwa miguu, mpaka mlango wa masomo. Kama mtoto anafika na nguvu ya kusoma, mahali pale ni pazuri. Kama anafika analia, watafute pengine.

Na siye wanafunzi, tusinyamaze wakati wazazi wanazungumza jambo hili. Tuwaambie kwa heshima, bila kununa, ni saa ngapi tunatoka na ni saa ngapi tunafika. Mzazi ambaye hajaambiwa atajuaje?

Mungu awape wazazi wetu hekima ya kuchagua.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho