MSEMAJI NA MASIKIO YAKE

Mwishoni mwa Januari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Bi. Zuhura Yunus kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais, Ikulu. Siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amewaaga wasikilizaji na watazamaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London, alikofanya kazi kwa takriban miaka kumi na minne. Sauti ambayo wananchi waliizoea kuwauliza wakubwa maswali iligeuka, kwa uteuzi mmoja, kuwa sauti ya kuwajibia wakubwa hao.

Jambo hili lilipita kwa pongezi nyingi na tafakari haba. Tunalirejea leo kwa sababu limebeba swali linaloihusu nchi nzima, nalo linatuhusu zaidi sisi tuishio chini ya Mlima Meru: Serikali inapomchukua mtangazaji hodari, huwa inachukua nini hasa? Je, inachukua sauti yake tu, au na masikio yake pia?

Bi. Zuhura hakuwa mgeni wa kazi. Alijiunga na BBC mwaka 2008, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza mezani Dira ya Dunia ya televisheni. Mwaka 2021 alitoa kitabu juu ya maisha ya Biubwa Amour Zahor, mwanamke wa Mapinduzi ya Zanzibar, kazi iliyohitaji subira ya kumsikiliza mtu ambaye historia ilikaribia kumsahau. Alikaa Ikulu hadi Mei 2024, alipohamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu kuwa Naibu Katibu Mkuu. Kwa hesabu ya vyeo, huko ni kupanda ngazi.

Wala hakuwa wa kwanza kuipita njia hiyo. Ndugu Paul Sozigwa alitoka katika utangazaji wa redio, akawa mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere. Ndugu Benjamin Mkapa alihariri The Nationalist na baadaye Daily News, akawa mwandishi wa habari wa Rais mwaka 1974, akaliasisi Shirika la Habari, SHIHATA, mwaka 1976, na hatimaye mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Katika miaka ya Rais Magufuli, Ndugu Gerson Msigwa alitoka TBC kwenda Ikulu, kisha mwaka 2021 akawa Msemaji Mkuu wa Serikali. Mambo haya si ya Tanzania peke yake. Huko Ufilipino, Martin Andanar, mtangazaji wa televisheni ya TV5, aliteuliwa mwaka 2016 na Rais Duterte kuongoza ofisi ya mawasiliano ya Ikulu ya Manila, naye alibaki serikalini hadi utawala ule ulipokwisha mwaka 2022.

Basi si haki kumlaumu mwandishi kwa kukubali wito wa Serikali. Utumishi wa umma ni heshima, na Serikali isiyo na watu wanaojua kueleza mambo huishia kueleweka vibaya. Walakini yafaa tutambue tofauti ya kazi hizi mbili. Mtangazaji huaminiwa kwa sababu hana la kutetea. Akikosea leo, atasahihisha kesho. Msemaji wa Serikali amepewa la kutetea kabla hajafungua kinywa. Anapoingia ofisini huja na akiba ya imani aliyoijenga kwa miaka mingi, na imani hiyo ni amana ya wasikilizaji. Kila taarifa ya kweli huiongeza akiba hiyo; kila taarifa ya kuficha huipunguza. Ikiisha, Serikali itakuwa imebaki na mtu mwenye sauti nzuri ambaye hakuna amwaminiye.

Zamani hasara hiyo haikuonekana upesi. Toka mwaka 1965, TBC ya wakati ule ilipogeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, mwananchi wa Tanzania Bara alikuwa na redio moja ya nchi yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwafikia wakulima wengi kupitia chombo hicho. Leo kijana wa Usa River ana simu mfukoni, na kabla taarifa ya Serikali haijapigwa muhuri yeye ameshaona picha na kusikia masimulizi ya upande wa pili.

Tunao ushahidi wa karibu. Juni 2022, katika Tarafa ya Loliondo humu mkoani mwetu, kazi ya kuweka mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 iliandamana na ghasia. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na baadhi yao walivuka mpaka kuingia Kenya. Serikali ilieleza kwamba inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama, na kwamba kilomita za mraba 2,500 zimeachwa kwa wananchi. Wananchi nao walikuwa na maelezo yao kuhusu malisho na maboma yao, nayo yalienea duniani kwa njia ya simu. Hatusemi kwamba jambo lile lilikuwa mikononi mwa mkurugenzi yeyote wa mawasiliano. Tunachosema ni kwamba maneno yalikuja baada ya uamuzi, na neno linalokuja baada ya uamuzi hata liwe tamu kiasi gani huonekana ni kisingizio.

Somo hili Wameru walilitoa zamani. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Serikali ile ilikuwa na maofisa wa habari, taarifa zilizopangwa vizuri, na hoja za maendeleo ya ufugaji. Wameru walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, ambako mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura za Baraza Kuu. Hata hivyo maelezo ya serikali ya kikoloni hayakuaminika tena, na Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu. Alishinda kwa sababu alisema yale ambayo watu wenyewe walikuwa wameyaona.

Kipo pia kishawishi kingine, cha kumnyamazisha mwenye kusema. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, huku vurugu zikitokea katika miji kadhaa, ukiwamo mji wetu. Rais mwenyewe baadaye alikiri mbele ya Bunge kwamba watu walipoteza maisha, akatangaza kuundwa kwa tume ya uchunguzi. Katika siku zile za giza wazazi walitafuta watoto wao kwa kuulizana barabarani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na pasipo habari, uvumi ndio huwa gazeti. Hakuna mtangazaji, awe hodari namna gani, awezaye kuijaza nafasi iliyoachwa na ukimya wa namna hiyo.

Nini basi kifanyike? Kwanza, mtu anayeitwa kuwa msemaji aingizwe chumbani wakati jambo linajadiliwa, wala asisubirishwe nje hadi apewe karatasi ya kusoma. Awe na ruhusa ya kusema, “Hili wananchi hawatalikubali, na sababu zao ni hizi.” Pili, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku thelathini. Maofisa habari wa halmashauri zetu, za Arusha na Meru, waifanye sheria hiyo ijulikane hata kwa mama auzaye ndizi sokoni Tengeru. Tatu, mikutano ya wasemaji na waandishi iwe ya maswali hasa, yakiwamo yale yanayochoma, na asiyejua jibu aahidi siku ya kulileta na aitimize.

Bi. Zuhura na wenzake wamethibitisha kwamba vyumba vya habari vya Afrika Mashariki vinakuza watu wanaostahili kukaa karibu na dola. Hilo ni fahari yetu. Sasa ni zamu ya dola kuthibitisha kwamba inapowaita, inataka kusikia walichokisikia kwa wananchi katika miaka yao yote ya kuuliza. Kama inataka sauti tu, redio zipo nyingi, na mwananchi anajua namna ya kuizima.