HEEN SI CHAWA, ACHENI KUMUONEA!

Kuna watu kila wakiangalia Howl's Moving Castle, ile muvi ya katuni ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2004, lazima wamtukane mbwa Heen. Eti chawa, eti jasusi, eti mzigo. Jamani, waliangalia muvi au vipande tu?

Kweli, Heen ni mbwa wa Suliman, mchawi mkuu wa mfalme. Lakini jasusi gani huyo, hata kubweka hawezi, anakohoa tu kama mwenye pumu? Sophie, binti aliyerogwa akawa bibi kizee, ndiye aliyembeba kwenye zile ngazi ndefu za kasri, mgongo wenyewe unamuuma. Sophie alipokimbia, mbwa naye huyo, akamfuata.

Mwisho wa muvi Heen anampa Suliman habari: mambo yameisha kwa heri. Suliman anaamua vita vikome. Chawa gani anampelekea bosi habari asiyoitaka?

Bosi anaweza kukutuma. Ila anayekubeba ukiwa huna pumzi, huyo ndiye wako. Heen alilijua hilo. Wanaomtukana je?

Haya, tiririkeni hapo chini!