WIKIO BAINA YA NYUMBA MBILI



Katika miji ya kale ya pwani yetu, kama vile Lamu, nyumba mbili za ukoo mmoja ziliweza kuunganishwa kwa wikio, yaani ujia uliojengwa juu ya kichochoro, kutoka orofa ya nyumba hii hadi orofa ya nyumba ile. Wenyewe, hasa wanawake, walipita humo bila ya kuonwa na wapita njia. Mwezi huu tunazungumzia wikio la zama zetu, ambalo mafundi wa kompyuta huliita VPN.

Haja yake iko wazi kwa familia zilizotawanyika kama zetu. Wazazi wako London, kijana yuko chuoni Manchester. Nakala za pasipoti, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, karatasi za ukaaji na hati za shamba la kwao zimo katika kompyuta moja sebuleni. Zikihitajika, hupigwa picha na kupelekwa kwa simu, na picha hizo husalia katika simu za watu wengi.

Wako wanaoshauri kuufungua mlango wa ruta ili faili zifikiwe kutoka popote. Tunawasihi msifanye hivyo. Utaratibu wa kugawana faili katika Windows, uitwao SMB, hupitia mlango namba 445. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea ulimwenguni kwa kuutumia udhaifu wa utaratibu huo. Kilizifunga faili na kudai malipo, na hapa Uingereza hospitali nyingi za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa yake mwezi wa Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuitia.

VPN hufanya kinyume. Tunaipendekeza programu ya WireGuard, ambayo ni ya bure na iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020. Hufanya kazi katika Windows, Mac, Android na iPhone. Kila chombo huwa na funguo mbili: wa siri, ambao haupewi mtu, na wa wazi, ambao hupewa upande wa pili. Nyumbani huwekwa chombo kimoja kisichozimwa, ama ruta yenye huduma hiyo, ama kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Hufunguliwa mlango mmoja tu, kwa kawaida namba 51820. Abishaye hodi bila ya ufunguo hajibiwi neno. Aliye na ufunguo huzifikia faili na printa kana kwamba ameketi sebuleni.

Mambo matatu huwakwamisha wengi. Kwanza, ruta nyingi hutoa anwani zinazoanza kwa 192.168.1. Nyumba ya London na chumba cha Manchester zikiwa na anwani za namna moja, chombo hakijui kielekee wapi. Badilisheni za nyumbani mapema, mathalani zianze kwa 10.73.20. Pili, baadhi ya kampuni, hasa za intaneti ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango hauwezi kufikiwa kutoka nje. Iombeni kampuni anwani yenu wenyewe, au tumieni huduma kama Tailscale, inayozikutanisha pande mbili. Tatu, printa haijitokezi yenyewe kupitia wikio. Ipeni anwani isiyobadilika, kisha iandikeni kwa mkono katika kompyuta ya mbali.

Ruta za zamani hutoa pia njia iitwayo PPTP. Iacheni, kufuli lake lilivunjwa hadharani mwaka 2012.

Jamaa walioko Ghuba waulize sheria ya nchi kabla ya kuanza. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2021 inamwadhibu anayeficha anwani yake ya mtandao kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe.

Lililo zito kuliko yote ni amana. Msigawane ufunguo mmoja. Kila mtu, na kila chombo chake, kipewe wake. Hapo simu ikipotea, ufunguo huo mmoja hufutwa siku ile ile na wengine hawasumbuki. Kijana naye aelezwe kwamba kumwazima rafiki kompyuta hiyo ni kumpitisha mgeni juu ya kichochoro hadi ndani kwa mama yake. Kabla ya kumkabidhi ufunguo, kaeni pamoja mkubaliane makabati yapi afunguliwe: ya picha na masomo, au pia ya hati.

Mwanzo mzuri ni printa na kabati moja la faili zisizo na siri. Likienda sawa wiki mbili, ongezeni. Tukijaaliwa, toleo lijalo tutaeleza namna ya kuweka nakala ya pili ya hati, kwani wikio hupitisha tu, halihifadhi kitu.