Wingu si Lako

Kila nikisikia msee akijigamba ati "tovuti iko hewani, kazi imeisha," nataka kumuuliza swali moja tu: akaunti iko kwa jina la nani?

Nauliza kwa sababu yalitupata. Tulikuwa wanne, tumeunda programu ndogo ya kuweka hesabu za chama. Programu yenyewe ilikaa kwenye kompyuta ya mweka hazina. Maelezo yake ndiyo yalikuwa kwenye intaneti: jinsi ya kuingiza michango, jinsi ya kutoza faini, na ule ukurasa muhimu kuliko yote, jinsi ya kurudisha hesabu kompyuta ikifa. Mwenzetu mmoja aliyapandisha kwenye wingu la bure, kwa akaunti yake, dakika tano hivi. Tukampigia makofi.

Mwaka uliofuata akapata kazi ng'ambo, laini yake ya huku ikafa. Kampuni ikabadilisha masharti, ikatuma onyo kwa barua pepe ambayo hakuna mtu alikuwa anaisoma, kisha ikafunga. Tulipojaribu kuingia, nambari ya uthibitisho ilitumwa wapi? Kwa ile laini iliyokufa.

Wiki hiyo hiyo kompyuta ya mweka hazina mmoja wa Kayole iligoma, siku mbili kabla ya chama kugawana pesa za Disemba. Akafungua anwani tuliyompa, akakuta ukurasa mtupu. Na unajua mweka hazina asiye na hesabu huitwaje Disemba? Mwizi. Nilipanda matatu nikaenda kumrudishia hesabu mwenyewe. Zilitoka sawa hadi shilingi ya mwisho, lakini wanachama wawili walikuwa wameshaacha kumsalimia.

Mtasema makosa ni ya kampuni. Zii, sikubali. Yahoo ilifunga GeoCities 2009. Heroku iliondoa mipango yake ya bure Novemba 2022. Mwenye nyumba ana haki ya kufunga nyumba yake. Sisi ndio tulihamia na godoro bila kuuliza kodi itaanza lini.

Kinachoniuma ni kwamba kurasa za maelezo ni mzigo mwepesi ajabu. Unaandika kwa Markdown, MkDocs inageuza kuwa HTML, unabaki na folda moja ya faili za kawaida. Hakuna hifadhidata. Seva yoyote itazibeba, leo GitHub Pages, kesho kwingine. Hata flash disk inatosha: weka use_directory_urls iwe false kwenye mipangilio ya MkDocs, na viungo vitafunguka bila intaneti. Mstari mmoja, bana! Tungempa yule mama flash siku ya kwanza, hangeitwa mwizi.

Halafu kuna anwani. Tulimpa mtu anwani yenye jina la kampuni ya wingu, kwa hivyo kampuni ilipofunga, anwani ilikufa nayo. Tungekuwa na jina letu la .co.ke, lililosajiliwa kwa barua pepe ambayo sote wanne tunaisoma, tungeelekeza DNS kwa seva nyingine na yeye hangejua kama tumehama. Usiniambie hakuna pesa. Ada ya mwaka mzima haifiki ile mnaacha kwa nyama choma Ijumaa moja, na nawajua mnavyokula.

Sipingi wingu la bure. Hata leo nalitumia, na wanafunzi walitumie bila aibu. Ninachopinga ni kumwambia mtu anayeshika pesa za wenzake "maelezo yako pale, yako salama," ilhali hujui nani ana ufunguo na hujaweka nakala popote.

Tovuti yetu ilirudi hewani, kwa jina letu. Mweka hazina nilimpelekea flash, akaifungia kabatini pamoja na daftari lake la zamani. Siku hizi hesabu anaziandika kwanza kwenye daftari, kwa kalamu, ndipo aguse programu yetu. Simlaumu.